Ukishuka Kamembe Kutafuta Gari Dogo

Ndugu mnunuzi, usiulize jina la gari. Ng'ambo ya mto Rusizi, huko Bukavu, wataliita Vitz. Huku Cyangugu wataliita Yaris. Na dalali aliyekwisha kukugundua kuwa mgeni ataliita "jipya". Ni gari lilelile. Toyota ililizindua Japani Januari 1999 kwa jina la Vitz, ikaliuza Ulaya kwa jina la Yaris, na Wazungu wakalitawaza Gari la Mwaka 2000.

Kinachowatenga ndugu hawa wawili ni usukani. Rwanda na Kongo zote hupita kulia mwa barabara, ila Rwanda ilipiga marufuku kuingiza magari madogo ya usukani wa kulia tangu katikati ya miaka ya 2000, na Bukavu yamejaa tele. Kwa hiyo bei ya ng'ambo ikikuchekea, nawe icheke, kisha urudi nyumbani.

Utaambiwa usukani unahamishika. Kweli, unahamishika. Tena Vitz ya kwanza ina mita zake katikati ya dashibodi, kana kwamba mchoraji alikuwa na binamu fundi mpakani. Subiri mvua ya msitu wa Nyungwe, usiku. Waipa zitafuta kioo kwa ajili ya dereva aliyebaki Japani, na taa zitamulika ukingo wa kushoto, yaani machoni mwa dereva wa lori linalokuja kutoka Huye. Atakusalimu kwa honi ndefu.

Kuhusu umri, dalali huhesabu tangu siku gari lilipoteremka melini. Wewe soma herufi za chesi. Herufi ya mwanzo hutaja ukoo wa injini: SCP10 na NCP10 ni kizazi cha kwanza, KSP90 ni cha pili, cha 2005, na KSP130 ni cha tatu, kilichoanza mwishoni mwa 2010. Hiyo K iangalie sana. Ni injini ya silinda tatu, sentimita za ujazo 996, yenye adabu sana kwenye mafuta. Ipakie watu wanne na gunia la mchele wa Bugarama, kisha uipandishe kutoka darajani hadi Kamembe. Zima kiyoyozi, kisha uchague abiria wa kushuka. Mimi humchagua dalali.

Akitokea mzee anayeapa kwamba hakuna kama Starlet, mpe kiti. Ilianza 1973 kama Publica Starlet, ikisukumwa na magurudumu ya nyuma. Tangu 1984, kwa EP70, ikavutwa na ya mbele. Ikakoma 1999 na kumwachia Vitz nafasi. Mzee yuko sahihi kwa karibu kila jambo, isipokuwa bei anayotaka kwa ile yake.

Ila usimwoneshe Starlet mpya. Hiyo inayouzwa Afrika tangu 2020 ni Suzuki Baleno ya India iliyobandikwa chapa ya Toyota. Mwaka huohuo Japani ililitupa jina la Vitz na kila mtu akawa Yaris; miaka mitatu baadaye Vitz ikaibuka Afrika Kusini, na ndani yake mna Suzuki Celerio. Kwa hiyo fundi wako akifungua boneti akakuta jina la Suzuki kwenye vipuri, usimkabe dalali. Safari hii hakudanganya.