Mchicha Una Mwenyewe

Wataalamu wa lishe wanasema mtoto asiyekula mboga apewe jembe. Akiipanda mwenyewe, akaimwagilia, akaiona inachipua, ataila kwa raha zake. Naamini ni kweli, kwa watoto wa wataalamu wa lishe. Wa kwangu hapa Morogoro wako watatu. Mkubwa ni binti wa miaka 10, na kwake yeye mboga ni mayai. Wa kati ana miaka 7, huyapanga matembele pembeni mwa sahani kama fundi anayejenga ukuta. Kitinda mimba ana miaka 5 na kazi yake ni kuuliza.

Uwanja wetu mdogo, na nusu yake ni ya kamba za nguo, kwa hiyo tulilima kwenye viroba. Unachukua kopo la rangi lililotolewa kitako, unalisimamisha katikati ya kiroba, unalijaza kokoto, kisha unazungushia udongo uliochanganywa na samadi. Unalivuta kopo juu, unajaza tena, hadi kiroba kijae. Hapo katikati inabaki nguzo ya kokoto. Ukimwaga maji juu yanashuka na kusambaa hadi chini. Ubavuni unatoboa matundu ya kupachika miche. Watoto waliipenda kazi hii kupita kiasi, na kokoto kadhaa ziliishia juu ya bati la jirani.

Samadi ilitoka kwa mama mkwe wangu, Mgeta, kule milimani Uluguru, ambako watu hufuga mbuzi wa maziwa na kulima mboga zinazoliwa hadi Dar es Salaam. Alishuka nayo mwenyewe kwenye basi, kiroba kizima, huku kondakta akidai nauli ya abiria wa pili kwa sababu ya harufu. Samadi mbichi huunguza miche, hivyo tuliirundika pamoja na majani makavu na maganda ya jikoni, iive iwe mboji. Bibi akawafundisha wajukuu kuchomeka kijiti katikati ya rundo. Ukikichomoa kina joto, mambo yanakwenda. Kikitoka cha baridi, geuza rundo, mwagia maji. Ikawa kila anayeingia getini anachomolewa kijiti akishike apime. Mjumbe alikishika. Mchungaji alikishika, halafu akaombwa abariki chakula.

Mchicha hauchelewi, wiki 3 au 4 unachumwa. Mama watoto akaukaanga kwa kitunguu na nyanya, akamalizia na tui la nazi. Ulinukia vizuri mno. Kitinda mimba akauinamia.

"Baba, huu ni wa kwenye kile kiroba?"

"Ndiyo, mwanangu. Umeupanda mwenyewe."

"Kile tulichotia mavi ya mbuzi?"

Nikamweleza kwamba yale yalishaoza, yakawa mboji, na mboji ndiyo iliyoulisha mmea.

"Kwa hiyo mavi yamekuwa mchicha."

Kisayansi hakukosea popote. Bibi akasema kwao mtoto alikuwa haulizwi, alikuwa anapakuliwa. Mtoto akala wali mtupu.

Wa kati alikataa kwa sababu ya matundu kwenye majani. Hatukutumia dawa za dukani, tulipuliza mwarobaini. Majani unayaponda, unayaloweka usiku kucha, unayachuja, unatia sabuni kidogo, na jioni jua likipoa unapuliza. Vidukari walipungua. Panzi hawakupata taarifa. Nikamwambia kijana kwamba tundu kwenye jani ni dalili njema, maana yake mdudu ameonja na hakufa. Akafikiri kidogo.

"Basi sisi tunakula makombo ya panzi."

Huyu ndiye aliyelamba kidole baada ya kupuliza mwarobaini, na kwa muda mrefu kila kitu cha kijani kikawa mtuhumiwa.

Lakini wasisingiziwe kwamba hawakula kitu. Karoti hazikufika jikoni hata moja. Walizing'oa zikiwa hazijazidi kidole, wakazifuta kwenye kaptura, wakazimalizia nyuma ya tangi la maji. Nyanya nazo ziliondoka zikiwa bado kijani. Mboga ileile ukimwekea mtoto sahanini ni adhabu. Akiiiba mwenyewe ni tunda. Mama watoto alifurahia vitamini, kisha akakumbuka samadi, akaenda duka la dawa kununua dawa ya minyoo ya nyumba nzima, mimi nikiwemo.

Aliyelielewa somo barabara ni binti mkubwa. Nchi za Afrika Mashariki zina kiwango cha pamoja cha kilimo hai tangu 2007, na nembo yake, Kilimohai, huibandiki kwenye bidhaa mpaka shamba lako likaguliwe. Binti yangu alijikagua, akajipasisha, akaandika kwa mkaa kwenye kipande cha boksi: MCHICHA HAUNA SUMU. Gengeni fungu lilikuwa shilingi 300. Yeye aliuza 500, na alimaliza. Mama mwenye genge alikuja kwa hasira kuuliza nani kasema wake una sumu. Tukamkaribisha chai, binti akamweleza habari za mboji, kijiti kikachomolewa. Mama wa watu aliondoka na mafungu mawili, kalipa taslimu. Faida yote ilikwenda kwenye chipsi mayai, pamoja na kachumbari kidogo, ambayo binti alisisitiza ni mboga.

Jumapili moja tukavamiwa na wageni. Nikachukua kisu, nikaelekea kwenye viroba. Nilikuwa sijainama vizuri.

"Baba, huo una watu wameshalipia."

Nikamkumbusha viroba ni vya nani, bili ya maji inalipwa na nani, na yeye mwenyewe ni wa nani. Akanisikiliza kwa heshima zote.

"Sawa. Kwa wewe mia nne."

Sikuwa na hela mfukoni. Akaenda ndani akarudi na daftari la hesabu, akalifungua ukurasa wa nyuma, akaniandika chini ya mjumbe.