Barua ya wazi kwa Mtukufu Glutamati, Mkuu wa Ubongo

Mtukufu Glutamati, Omukama wa vichwa vyetu, kemikali mfungua vipokezi vya seli: shikamoo, waitu.

Baada ya salamu za unyenyekevu kutoka Nyakasimbi, Karagwe, pokea shukrani zetu. Ni kwa hisani yako mtoto huitambua sauti ya mama yake na mwanafunzi huishika hesabu ya jana. Ukigusa kipokezi, seli huamka.

Tunakushukuru pia kwa ukarimu wako uliopita kiasi. Kipokezi chako cha NMDA kina mlinzi mlangoni, chembe ya magnesi. Ukijimwaga kwa wingi, mlinzi husukumwa kando, kalisi ikafurika ndani, na seli zikafa. Mwaka 1969 John Olney wa Marekani aliandika wazi kwamba wingi wako huua. Nasi ukarimu huo huufahamu jikoni, mwenye kifafa, ukimzidi kichwani, anapoangukia mafiga na majirani, kwa kuogopa mapovu, wasithubutu kumgusa. Mapovu hayaambukizi, Mtukufu. Moto ndio unaounguza. Hatudhani habari hii imekufikia. Wakuu wana shughuli nyingi.

Asante, vilevile, kwa kukubali kuzuiwa na vitu vya bei nafuu. Mwaka 2002 yalitoka matokeo ya utafiti uliohusisha wajawazito zaidi ya 10,000 katika nchi 33: sindano ya magnesi salfeti ilipunguza kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu. Wataalamu wanadhani humrudisha yule mlinzi mlangoni. Fenobabitali nayo, dawa ya tangu 1912, huwatuliza wengi wenye kifafa, mradi zahanati iwe nayo. Mama mzazi kufa kwa kukosa chumvi ya magnesi ni heshima kubwa mno kwako. Tunaomba usipewe tena.

Hatukuombi uondoke. Ketamini hufunga NMDA, na mgonjwa hulala asijue anapasuliwa. Ukituacha kabisa tutalala sote. Tunakuomba, kwa magoti, uchukue likizo kila siku kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku, wakati ndizi zipo motoni. Ikikuwia vigumu, basi kabla ya kuzidi kichwani mwa mpishi yeyote upite ofisi ya kijiji, usaini kitabu cha wageni na kusubiri muhuri wa mtendaji, nasi tupate muda wa kumsogeza mbali na mafiga na kumlaza ubavu.

Ni sisi watumishi wako watiifu,
Wakazi wa Nyakasimbi