Mguu wa Kushoto kwenye Barabara ya Namanga

Klachi ya gari la gia za mkono ina kazi moja: kuitenga injini na giaboksi kwa muda mfupi, kisha kuzipatanisha tena bila kelele. Injini huzungusha gurudumu zito la chuma liitwalo flaiwili. Kando yake hukaa pleti ya klachi, sahani yenye upana wa sentimita 20 hivi katika gari dogo, iliyovishwa kitambaa kigumu cha msuguano pande zote mbili. Nyuma ya pleti kuna kava yenye springi inayoibana pleti kwenye flaiwili. Dereva akikanyaga pedali, beringi huisukuma springi, kava huachia, na pleti hubaki ikielea. Akiachilia, vyote hushikana. Kitambaa hicho kina unene wa milimita chache tu, na kila pleti inapoteleza kabla ya kushika, kidogo kinasagika. Kwa hesabu hiyo klachi inaweza kuishi miaka mingi, au inaweza kuishi Kitengela.

Mji huo uko kilomita 30 hivi kusini mwa Nairobi, na wakazi wake wengi hurudi jioni kwa Barabara ya Namanga pamoja na malori ya saruji ya Athi River, trela za kwenda Tanzania na matatu zisizotambua mstari wa katikati. Gari huenda hatua mbili, husimama, huenda tatu. Kila hatua ni mkanyago mmoja wa mguu wa kushoto. Vitabu vya udereva hushauri nafasi ya mbele iachwe ikue kwanza, ili gari litambae na gia ya kwanza huku mguu ukiwa umepumzika sakafuni. Ushauri ni mzuri. Tatizo ni kwamba nafasi hiyo, machoni pa dereva wa matatu, ni mwaliko wa maandishi. Basi mwenye gari hulibana bampa la aliye mbele yake na kuishi kwenye nusu klachi, pedali ikiwa si juu wala si chini. Hapo ndipo pleti husagika kuliko mahali pengine popote. Akishaponyoka mjini hukutana na mbuzi wanaovuka barabara upande wa Isinya. Gari liko kwenye kimwinuko, breki ya mkono ipo palepale, lakini yeye hulishikilia kwa klachi mpaka mbuzi wa mwisho avuke. Mbuzi wa mwisho daima hukumbuka jambo na kurudi.

Dalili ya kwanza ya klachi inayochoka ni harufu, kali na chungu, kama ngozi iliyosahaulika juu ya jiko. Kwingineko dereva angeshtuka mara moja. Kitengela nyama choma ziko kando ya barabara, na abiria huanza uchunguzi wao kwa pua: mmoja anasema ni mbuzi, mwingine anashikilia kuwa ni ng'ombe, na hakuna anayesema ni pleti. Kipimo ni rahisi. Harufu ya nyama hubaki nyuma gari likisonga; ya klachi huandamana nalo hadi nyumbani.

Kitambaa chenyewe kina asili ya kuchekesha. Husimuliwa kwamba Herbert Frood, Mwingereza aliyeanzisha kampuni ya Ferodo mwaka 1897, alianza kuwaza juu ya msuguano baada ya kuwaona waendesha mikokoteni ya farasi wakifunga viatu vikuukuu kwenye breki ili zishike. Katika Kaunti ya Kajiado, ambamo Kitengela imo, mambo yalikwenda kinyume: tairi kuukuu ndilo lililogeuka kiatu, nacho kikaitwa akala. Na hajasikika mtu akilalamika kwamba akala zake zinateleza kwenye gia ya tatu.

Pleti iliyokwisha huteleza kweli. Injini hupiga kelele za kwenda Mombasa huku gari likienda mwendo wa harusi. Jambo hili hujitokeza kwanza kwenye gia za juu na milimani, na mtihani mkali zaidi katika kaunti hii ni kupanda kutoka Magadi hadi Kona Baridi, ambako barabara inatoka sakafu ya Bonde la Ufa na kupata zaidi ya mita 1000 za kimo. Asiyetaka kwenda mbali hivyo afanye jaribio mahali tambarare: breki ya mkono ivutwe hadi mwisho, gia ya tatu au ya nne iingizwe, injini ipewe mafuta kidogo, kisha pedali iachiliwe polepole. Klachi nzima huizima injini papo hapo. Ikiwa injini inaendelea kunguruma kana kwamba haijaambiwa kitu, pleti imeenda. Jaribio lifanywe mara moja tu. Wapo wanaolirudia mara sita ili kuwa na hakika, na mara ya sita huwa nayo kweli.

Si kila utelezi unatokana na uchakavu. Sili ya nyuma ya injini ikivuja, oili huifikia pleti, na pleti yenye oili haishiki hata ikiwa mpya. Madereva wa zamani wana dawa yao: soda humwagwa kupitia tundu la chini ya giaboksi, sukari inate. Huenda dawa hiyo ikamfikisha mtu gereji. Sisimizi humfuata hukohuko.

Masika, kati ya Machi na Mei, huleta njia nyingine ya kuua klachi. Mitaa mingi ya Kitengela imejengwa juu ya udongo mweusi, ule unaopasuka ukikauka na kunata kama ugali mbichi ukilowa. Gari likizama, gurudumu linalozunguka bure haliiumizi klachi sana. Kinachoiumiza ni dereva anayebadilisha gia ya kwanza na rivasi, rivasi na ya kwanza, kwa nusu klachi na mafuta mengi, akitii wasukumaji watano wenye maoni saba. Mmoja anasema "Ongeza!", mwenzake anasema "Achia!", na wa tatu, aliyerushiwa tope usoni, hasemi tena chochote. Mawe au magunia chini ya magurudumu, na pedali iliyoachiliwa yote, hufanya kazi zaidi ya wote watano.

Kosa la pili la klachi ni kinyume cha kuteleza: inashika vizuri lakini haiachii. Gia haziingii, au huingia kwa kusaga meno, hasa rivasi. Gari likiwa gia ya kwanza husogea lenyewe ingawa pedali imekanyagwa hadi sakafuni. Ni kwa njia hii Probox yenye tabia njema hulibusu bampa la basi la shule saa kumi na mbili jioni. Na ni hapa fedha nyingi zaidi hupotea bure, kwa sababu mwenye gari anapofungua boneti mbele ya maduka, hospitali nzima huwasili. Mwendesha bodaboda anasema ni plagi. Muuza mahindi anasema shemeji yake alikuwa na tatizo hilohilo, ikawa betri. Fundi anafika mwisho, anasikiliza sekunde tatu, anafuta mikono na kutoa hukumu: "Mkubwa, hii ni kushusha giaboksi."

Huenda ikawa hivyo. Lakini kabla ya kukubali kazi ya siku nzima, mambo madogo yaangaliwe kwanza. Katika magari ya zamani pedali huvuta kebo. Ikilegea au nyuzi zake zikianza kukatika, klachi haiachii yote, na dawa ni kukaza nati au kubadilisha kebo. Magari mengi mengine hutumia mafuta ya breki na masta mbili: masta ya juu, iliyo karibu na pedali, na masta ya chini, iliyo ubavuni mwa giaboksi. Pedali ikanyagwe mara tatu za haraka, kisha gia ijaribiwe. Ikiingia kwa upole baada ya kupampu, pleti haina hatia: kuna hewa kwenye mfumo au raba za masta zimechoka. Pedali inayozama yenyewe taratibu wakati mguu umeishikilia inashuhudia jambo hilohilo. Baada ya hapo mkono uingizwe nyuma ya pedali. Kukiwa na unyevu juu ya kijiti chake au kwenye zulia, masta ya juu inavuja. Chini ya gari, kofia ya raba ya masta ya chini ifunuliwe kidogo; mafuta yakidondoka, mshtakiwa amepatikana. Raba za masta huuzwa kwa bei ambayo haiwezi kulinganishwa na kushusha giaboksi, na pengine ndiyo maana hukumbukwa mwisho. Jambo moja la kuangalia: kikopo cha mfumo huo kijazwe mafuta ya breki ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, si oili ya injini iliyobaki kwenye chupa. Oili hiyo huzivimbisha raba, na kosa la masta moja huwa la mbili.

Baada ya kubadilisha raba sharti hewa itolewe, kazi inayohitaji watu wawili na ndoa imara. Mmoja hulala chini ya gari na spana kwenye nipo, skrubu ya kutolea hewa, ya masta ya chini. Mwingine, kwa kawaida mke, mtoto au jirani aliyekuja kuazima jeki, hukaa kwenye pedali. Amri ni mbili tu. "Pampu!" na pedali hukanyagwa mara kadhaa, "Shikilia!" na hubaki chini huku nipo ikifunguliwa, mapovu yakitoka, nipo ikifungwa. Ndipo pedali huachiliwa. Ikiachiliwa kabla nipo haijafungwa, hewa iliyotoka hunyonywa tena ndani na kazi huanza upya. Simu ya mwenye pedali huita wakati huohuo.

Kelele zina lugha yao fupi. Mlio unaoanza pedali ikikanyagwa ni wa beringi ya klachi. Mlio uliopo gari likiwa halina gia na unaokoma pedali ikikanyagwa hutoka kwenye beringi za giaboksi yenyewe. Mtetemo wakati wa kuondoka husababishwa na oili kwenye pleti, flaiwili iliyopata joto hadi kuingia madoa ya buluu, au raba za kushikilia injini zilizokatika. Hizo raba ziangaliwe kwanza.

Klachi ikigoma kabisa mbali na fundi, tuseme baada ya mji wa Bissil, gari la zamani bado linaweza kufika. Injini huzimwa, gia ya kwanza huingizwa, ufunguo huzungushwa, na staata huliondoa gari kwa kuruka kama sungura. Anayeijua injini yake anaweza hata kupandisha gia kwa kusikiliza mlio. Kusimama ndiko kugumu, na mbuzi hawajui habari hiyo. Magari mengi mapya hayakubali kuwaka bila pedali kukanyagwa.

Giaboksi ikishushwa kwa haki, pleti, kava na beringi hubadilishwa pamoja, kwa kuwa vimezeeka pamoja. Anayenunua pleti ya mtumba kule Grogan, Nairobi, atazame ribiti: zikikaribia kulingana na uso wa kitambaa, amenunua kumbukumbu. Flaiwili yenye mikwaruzo hupelekwa kukerezwa, na sili ya nyuma ya injini hubadilishwa ikiwa ina jasho lolote. Vumbi la pleti kuukuu lisipulizwe kwa mdomo wala kwa kompresa, kwani pleti za zamani zilikuwa na asbesto. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji. Pleti mpya huwekwa katikati kwa kifaa maalum, au, chini ya mti wa gereji, kwa shafti ya giaboksi iliyokufa. Iangaliwe pia inatazama upande upi. Pleti iliyogeuzwa huruhusu kila boliti kufungwa, mafuta kujazwa na malipo kutolewa, ndipo inapotangaza kwamba kila kitu kirudi chini.

Klachi mpya ni nyepesi na hushika mahali tofauti na ile ya zamani, na kitambaa kinahitaji kilomita mia chache za upole kabla ya kubebeshwa mzigo. Mguu wa kushoto, uliozoea pedali nzito ya miaka minane, haujui habari hizo. Gari huwashwa, hutoka mita mbili, huzima langoni mwa gereji. Huwashwa tena, huruka, huzima. Mara ya tatu mwendesha bodaboda huegesha pikipiki yake, huja dirishani na kusema kwa huruma kwamba tangu mwanzo alisema ni plagi.