Punguza Bei, Shemeji

Wahispania wana mtindo wa kutoka jioni na kuhama kutoka baa moja hadi nyingine, kila kituo glasi moja na kisahani cha tapas. Sisi wa Busia tunao pia, ila sisi katikati ya mlo huvuka na kuingia nchi nyingine.

Shemeji yangu, muuza mitumba wa soko la Gikomba, Nairobi, alipokuja kututembelea nilimpeleka. Tulianzia mtaa wa Marachi kwa kumbikumbi wa kukaanga. Akafumba macho, akatafuna mmoja, kisha akanyang'anya kikombe kizima.

Tukavuka. Tangu Februari 2018, Uhuru Kenyatta na Museveni walipozindua kituo cha pamoja, maofisa wa nchi zote mbili huketi jengo moja. Kitambulisho chako kikionekana, umepita. Kinachogoma kuvuka ni hesabu. Huku shilingi, kule shilingi, lakini moja ya Kenya hununua kama 28 za Uganda.

Ng'ambo, kijana wa rolex alikuwa akikoroga mayai, kabichi na nyanya katika kikombe cha plastiki. Akamwaga kwenye kikaango, akabandika chapati juu.

"Elfu mbili," akasema.

Shemeji nusura akae chini. Elfu mbili, mayai na chapati? Akachomoa noti ya Kenya.

"Nina mia tano, na hapo nakusaidia tu."

Kijana aliitazama noti, akamtazama shemeji, akanitazama mimi.

"Ssebo," akauliza kwa huruma, "unataka saba?"

Tulikula mbili. Shemeji, aliyetoa mia tano, akarudishiwa elfu kumi, noti za elfu moja moja. Kuanzia hapo hata mwendo wake ulibadilika. Alitembea kama mwenye mji.

Tulirudi Kenya tukashika njia ya Malaba, kilomita 30 hivi, tukapita foleni ya malori hadi kwenye boma moja la Wateso. Wazee walikuwa wameuzunguka mtungi wa ajono, pombe ya wimbi, kila mmoja na mrija wake mrefu. Sheria ni chache: mrija hushikwa kwa mkono wa kulia, na haupulizwi. Shemeji, ambaye mrija anaoujua ni wa soda, aliupuliza kabla sijamaliza kumweleza. Mtungi ukatoa mapovu. Mirija yote ikachomolewa kwa pamoja.

"Faini, mwanangu," mzee mmoja akasema. "Mia tano."

Shemeji akacheka kitajiri, akavuta noti moja ya Uganda.

"Shika elfu, mzee wangu. Chenji baki nayo."

Mama mwenye mtungi aliitupia jicho tu. Hakushika simu wala kalamu.

"Hiyo ni thelathini na tano. Bado mia nne sitini na tano."

Hapo muuza mitumba akaanza kubembeleza apunguziwe, akitaja ugeni, umbali aliotoka na hali ya biashara. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu zote.

"Mwanangu," akasema, "faini haina bei ya jumla."