Mathenge Haulizi Bei ya Kiatu

Ukitaka kujua mtu ameishi Kakuma muda gani, usimtazame usoni. Mtazame miguuni. Aliyeshuka juzi kutoka Kenya (ndivyo wenyeji wa Turkana wanavyoiita nchi yote iliyo kusini ya Kainuk) utamjua kwa kiatu cheusi kinachong'aa na soksi iliyovutwa hadi ugokoni. Wiki chache baadaye kiatu kimeshachukua rangi ya barabara. Siku atakayoingia mkutanoni na slipa bila kumwomba mtu radhi, huyo si mgeni tena.

Mimi nilikuja kufundisha nikitokea Kilifi, ambako mchanga una adabu: hukuchoma adhuhuri, jioni ukakuomba msamaha. Huku joto hupita nyuzi 35 karibu kila mchana, na ndani ya kambi ya wakimbizi, kutoka Kakuma 1 hadi Kakuma 4, ni mwendo wa kumkumbuka Mungu. Boda zipo, nauli ndiyo haipo kila siku. Basi kila jambo, liwe la shule, la soko au la matanga, hupitia kwanza miguuni, na mguu mmoja una mifupa 26, kila mfupa na malalamiko yake.

Adui mkubwa ni mathenge, mti wa miiba. Kilichoniponza mimi, hata hivyo, ni historia yake. Mti huu ulipandwa Pwani mwaka 1973, kwenye machimbo ya Bamburi, Mombasa, ili kurudisha kijani palipochimbwa. Miaka ya 1980 ukasambazwa nyanda kame, Turkana ikiwemo, uzuie jangwa. Jangwa likazuiwa kidogo, watu wakazuiwa zaidi. Huko Baringo, wafugaji waliishtaki serikali mwaka 2006, wakafika mahakamani na mbuzi aliyeishiwa meno kwa kula maganda matamu ya mti huo. Sasa mwalimu mwenzangu yeyote akichomwa, kabla hata ya kusema "aii" hunigeukia mimi. "Mti wenu huo, mtu wa Pwani." Nitamjibu nini?

Mwiba wa mathenge ukikutana na slipa haupunguzi mwendo. Nilikuwa navuka laga ya Tarach siku moja, imekauka, mchanga mtupu, nikasikia kitu kimeingia. Nikainua mguu na slipa ikaja nayo, imeshonwa kwenye wayo. Kwa mara ya kwanza tangu niinunue haikunipigapiga kisigino.

Nikaruka kwa mguu mmoja hadi kwa fundi viatu, mzee wa Bukavu anayekaa chini ya mti hapo karibu. "Mwalimu, keti. Lete mguu." Akaivuta slipa, ikatoka. Mwiba ukabaki. Akainamisha miwani, akaguna. "Iko ndani, mwalimu. Iko mbali." Kisha akaokota msharasi, ule ule aliokuwa akitobolea soli, akaupangusa kwenye suruali kwa heshima yangu. Mguu ulirudi wenyewe kabla sijaushauri.

Aliyeniokoa ni mama wa Kiturkana aliyekuwa akiuza makaa pembeni. Alisema maneno mawili matatu kwa Kiturkana, fundi akauweka msharasi chini. Mama akanimwagia maji ya mtungi wake, akaomba sabuni dukani, akaosha mguu wangu wote hadi kwenye tindi, kisha akaubana mwiba kwa kucha zake mbili na kuutoa mzima. Akaukagua ncha juani. "Ungevunjikia ndani ungeenda hospitali," akaniambia. "Usikae nao ukingoja uote." Malipo akakataa. Akaniuzia gunia la makaa.

Mama yule alijua anachosema. Kuna ugonjwa unaoitwa maisetoma, na Turkana unajulikana. Ukungu au bakteria wa udongoni huingia kwa kidonda kidogo cha mwiba, mwenyewe akishasahau kwamba aliwahi kuchomwa. Baada ya miezi, hata miaka, mguu hutoa uvimbe usiouma. Hapo ndipo hila ilipo: kisichouma nani atakipeleka zahanati? Uvimbe huendelea kujichimbia, hutoboka vitundu vinavyotoa chembechembe, hufika mfupani, na wapo waliokatwa mguu kwa sababu ya mwiba wasioukumbuka. Shirika la Afya Duniani liliuingiza kwenye orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyopuuzwa mwaka 2016. Kwa hiyo jeraha la mwiba huoshwa kwa sabuni siku hiyo hiyo, mtu huuliza kuhusu sindano ya pepopunda, na uvimbe hauangaliwi kwa macho ya subira.

Tangu hapo nimeelewa kwa nini wazee wa hapa hawaachani na akala za tairi. Tairi la lori lililokula barabara za Lodwar miaka kadhaa haliwezi kutishwa na kijiti. Nadhani hata yule kijana wa Nariokotome angezihitaji akala hizo. Kamoya Kimeu aliigundua mifupa yake ng'ambo hii ya Ziwa Turkana mwaka 1984, ya miaka milioni moja na nusu hivi, mifupa karibu mwili mzima, lakini nyayo hazikuonekana. Ng'ambo ya pili, Ileret, wataalamu wakatangaza mwaka 2009 kwamba wamepata alama za nyayo za umri huo huo, vidole na tao la wayo vikionekana wazi, ila wenyewe hawapo. Wanasayansi wana maelezo yao. Sisi walimu, kwenye chai ya saa nne, tumekubaliana kwamba ni miiba.

Ukivaa kiatu cha kufunika ili kuukwepa mwiba, unakuwa umeliita jasho. Mzazi mmoja, mwenye duka katika soko la Wasomali, alinialika chakula cha mchana. Nilikuwa nimesimama darasani tangu asubuhi ndani ya ngozi nyeusi na soksi za nailoni. Mlangoni, viatu vimepangwa kwa adabu. Nikavua vyangu. Harufu ikatangulia kuingia, mimi nikafuata.

Mwenyeji wangu hakukunja hata unyusi. Alinikaribisha kwenye mto, akaniuliza habari za Kilifi, za wazazi, za mtihani wa mwanawe. Katikati ya swali la tatu akaita kitu kwa Kisomali, mama mkwe wake akaja na chetezo kinachofuka ubani, akakiweka karibu na mguu wangu wa kulia. Tukaendelea kuzungumza. Chetezo cha pili kikaja kushoto. Nikala wali na nyama ya ngamia ndani ya wingu, nikiwa nimezikunja nyayo chini ya mapaja hadi zikafa ganzi, na katoto ka miaka mitano kakauliza kwa Kiswahili safi, "Baba, mbona leo vyetezo viwili?"

Jasho lenyewe halinuki, nimekuja kusoma. Wanaonuka ni bakteria wanaolila, na ndugu zao ndio huivisha jibini la Limburger, linaloogopewa Ulaya kwa sababu hiyo hiyo. Mwaka 1996 Mholanzi Bart Knols na mwenzake walionyesha kwamba mbu wa Anopheles gambiae, msambazaji wetu wa malaria, huvutwa na jibini hilo, na mwaka 2006 wakapewa Ig Nobel, tuzo ya utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Huko Ifakara, Tanzania, Fredros Okumu na wenzake wakaifanyia kazi harufu ya miguu yetu, wakaitia mitegoni kuwanasa mbu. Nilipoyasoma hayo usiku, soksi zangu zilikuwa zimetundikwa dirishani, juu ya mto wa kulalia. Zilihamishwa usiku huo huo.

Dawa ya harufu haina siri: maji na sabuni kila jioni, kukausha katikati ya vidole hasa pale karibu na kidole cha mwisho ambapo fangasi hupenda kupanga chumba, soksi za pamba, na viatu jozi mbili ili moja ipumzike juani. Jua Kakuma ni bure. Na aliyepewa dawa ya fangasi asiiache siku muwasho unapokoma, maana fangasi hunyamaza kabla ya kuhama.

Ukirudi kwenye slipa, kisigino kinakauka. Magaga ya Kakuma si ya kawaida. Yangu yalifikia kunasa neti usiku. Nikigeuka, neti nayo inageuka, na asubuhi niliamka nimefungwa, nimeilarua kuanzia chini, mbu ndani wanne wameshiba. Jirani yangu wa kutoka Lodwar alikuja na ushauri wa wembe. Alikuwa ameshakikata chake, na alinionyesha akichechemea. Wembe unakwangua gaga leo na kukuletea kidonda kesho. Kinachofaa ni kulowesha miguu dakika chache, kusugua kwa jiwe la kuogea pole pole, kupaka mafuta ya mgando ngozi ikiwa na unyevu bado, na kulala na soksi safi. Mafuta yasiende katikati ya vidole, kule tumeshawapa fangasi notisi.

Mtu mwenye kisukari simtanii katika hili. Ganzi humnyima habari za mguu wake mwenyewe: anaweza kutembea na msumari ndani ya kiatu kutwa nzima asijue. Huyo huzikagua nyayo kila siku, kwa kioo au kwa macho ya mjukuu, hukung'uta kiatu kabla ya kuvaa, hatembei pekupeku hata chumbani, na kwake kidonda kidogo ni safari ya hospitali. Kukung'uta, kwa kweli, ni sheria ya kila mtu huku. Nge wa Turkana hana nyumba, hulala kwako.

Kilichobaki ni kipimo. Viatu vya mitumba hununuliwa jioni, miguu ikiwa imevimba kwa shughuli za mchana. Cha asubuhi hukubana kufikia saa nane. Vilivyochongoka mbele hukusanya vidole vitano mahali pa viwili, na ukucha wa gumba, hasa ukikatwa kwa mviringo badala ya kunyooshwa, hujizamisha nyamani. Kakuma inalijua somo la kiatu kisichokutosha kuliko Nairobi. James Nyang Chiengjiek, aliyekimbia mita 400 Rio mwaka 2016 katika timu ya kwanza ya wakimbizi ya Olimpiki, alieleza jinsi yeye na wenzake walivyoumia mara kwa mara walipokuwa wakifanya mazoezi na viatu vya kuazimana visivyo vyao. Rose Nathike Lokonyen, aliyeibeba bendera ya timu hiyo, alianza na mbio za kilomita 10 hapa hapa kambini. Alikimbia pekupeku, akawa wa pili.

Habari za Rose ndizo zilizomponza mwalimu wetu wa hesabu. Siku ya michezo, mbio za walimu, alijitokeza na raba alizoazimwa na shemeji, namba moja zaidi ya mguu wake, vidole vimejazwa karatasi. Hakujua kwamba zilikuwa zimeanikwa juu ya bati tangu Ijumaa, na gundi ya kiatu haistahimili bati la Kakuma. Mita za mwisho alikuwa wa nne, anamkaribia wa tatu, akarusha mguu wa kulia kwa nguvu zake zote. Soli ikaachana na kiatu, ikaruka mbele, ikampita mwalimu wa dini na kuvuka mstari. Watoto wakapiga kelele hadi soko la Waethiopia. Kamati ya michezo ilikaa chini ya mgunga, ikabishana, ikamwita mwenye stopwatchi ajieleze. Kitabu cha matokeo bado kipo ofisini kwa mwalimu mkuu, na mwandiko ni wa katibu: "Nafasi ya tatu, soli. Nafasi ya nne, mwalimu wa dini. Nafasi ya tano, mwenye soli."