Chuma Kisichoshika Kutu

Shemeji yangu wa Dar es Salaam ndiye aliyeniletea bamba lile la kukaangia: zito, bapa, linalong'aa hivi kwamba jirani alipoliona aliweka kilemba chake sawa kwanza, ndipo akanisalimia. "Hili halishiki kutu," shemeji akasema. "Utawaachia wajukuu."

Kwetu Manyovu asubuhi ni ya makoti, na chapati ya moto haikosi mnunuzi. Siku ya kwanza nikalitia bamba mekoni, nikamwaga mawese, nikatandaza chapati hapohapo. Ikang'ang'ania chuma kama mdai mlangoni. Nikaivuta, ikaja nusu. Mteja wangu wa kwanza, mzee aliyekuwa akielekea mpakani Mugina, akaitazama kwenye karatasi. "Mwanangu," akaniuliza kwa upole, "hii nile kwa kijiko?"

Kwa hasira nikalimwagia bamba maji ya baridi likiwa bado la moto. Likalia *tang!* na katikati pakavimba.

Jioni nikashika waya wa kusugulia sufuria. Mawese yalikuwa yameganda gamba jeusi kama lami. Nikalisugua mpaka likatoka. Nikaona haitoshi, nikaliloweka kwenye dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, nikalala usingizi wa mtu asiyedaiwa. Kulipokucha, madoa ya kahawia yalikuwa yametapakaa bamba zima.

Nikampigia shemeji kwa ukali. Akauliza swali moja tu: "Ulilisugulia nini?" Nikajifanya mtandao unasumbua.

Kumbe chuma hiki kina kromiamu, angalau asilimia 10.5, ambayo ikikutana na hewa hufanya utando mwembamba usioonekana, na huo ndio kinga yake. Waya ulikuwa umeacha chembechembe zake na hizo ndizo zilizopata kutu; klorini ya ile dawa ya nguo nayo ikautafuna utando. Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, alikipata chuma cha namna hii mwaka 1913 akitafuta cha kutengenezea mitutu ya bunduki. Angeniona na ule waya, angenielekezea mmoja.

Aliyeniokoa ni mama mkwe, na hakusema neno, jambo lililoniuma kuliko matusi. Madoa akayafuta kwa ndimu. Akalipasha bamba, akanyunyiza tone la maji; likatuama likachemka. Akangoja. Tone la pili likajikunja kama shanga, likakimbia huku na huku. Hapo ndipo akatia mafuta, kisha chapati, nayo ikaachia yenyewe. Alipomaliza, akaliacha lipoe kidogo, akamwaga maji ya uvuguvugu, akakwangua kwa mwiko wa mti, akasugua kwa kitambaa na majivu yaliyochekechwa, akasuuza na kulikausha palepale.

Kutu haijarudi. Ule waya sasa ni wa kusugulia jembe. Ila uvimbe wa katikati upo palepale, na mawese yanakimbilia pembeni, kwa hiyo chapati zangu zina kingo laini na kitovu kikavu. Bei ni ileile.