Saa Tisa, Mkono Mmoja

Kuulizwa "Una saa ngapi?" kwenye steji ya Kware, huku mkononi inang'aa saa iliyokata roho tangu juzi, ni aibu isiyopoa upesi. Makanga anataka kujua wakati. Mwenye saa ana uhakika wa idadi tu: tisa. Saa tisa nyumbani, na hakuna hata moja inayoweza kumwambia kama ni saa tisa. Dai langu ni hili: mwenye saa tisa hana saa. Abaki na tatu.

Ushahidi umo tumboni mwa saa yenyewe. Chukua otomatiki, kama Seiko 5 iliyoanza kuuzwa 1963. Haina betri. Ndani mna kipande kizito cha chuma, nusu duara, kinachozunguka kila mkono unapotikisika, uwe unasimamisha matatu, unafukuza nzi au unasonga ugali. Mzunguko huo hukaza springi iliyojikunja ndani ya kikopo kidogo. Springi nayo ingependa kufumuka yote kwa mpigo. Kinachoizuia ni kinanga kidogo kinachoachia gurudumu jino baada ya jino, na katika nyingi za Seiko 5 saa hupiga mara 21,600 kila saa moja. Yaani ugali wa jana usiku ndio unaosukuma mshale wa asubuhi hii! Lakini ukiivua, baada ya saa 40 hivi springi imelegea na mishale imekufa. Piga hesabu basi. Otomatiki mbili zikipokezana kila siku, kila moja hupumzika siku moja na kurudi ikiwa hai. Ongeza ya tatu, mapumziko yawe saa 48, na msiba umeingia.

Atasema mtu: ziwe za betri zote. Kweli, kijiwe cha kwazi (quartz) kilicho ndani ya saa ya betri hutetema mara 32,768 kwa sekunde bila kuomba ugali. Ila betri iliyokufa ikisahauliwa kabatini huweza kuvuja na kula saketi, na tisa za betri ni safari tisa kwa fundi. Na fundi mwenyewe tumemwachia nini? Makampuni makubwa ya Uswisi yamebana vipuri visimfikie fundi wa kujitegemea, kisha matangazo yanatuimbia kwamba saa ni urithi wa wajukuu. Urithi gani huo usioruhusiwa kutengenezwa? Mtu aliyejua kufungua kinanga kwa kibano, lenzi jichoni, leo anakata mikanda. Hapo sicheki.

Anayesoma saa kwenye simu ana hoja. Tumwache na chaja yake.

Zipi zibaki? Wengi watatazama bei. Mimi natazama mkia wa mshale, ule unaochomoza nyuma ya kitovu. Mshale mfupi ukiwa kwenye 9, Mswahili husema saa tatu, na 3 inakaa mkabala kabisa na 9. Kwa hiyo mshale wenye mkia husema Kiingereza kwa ncha na Kiswahili kwa nyuma. Otomatiki isiyo na mkia iuzwe, zibaki mbili zenye mkia. Ya tatu iwe Casio F-91W, ile ya 1989, yenye betri ya miaka saba hivi. Mkia haina, nakiri, lakini mwenyewe akilazwa na malaria siku tatu, ndiyo pekee itakayojua amelala kwa muda gani.